Niliwachekesha Watu kwa Ukimya wa Mke Wangu

Nina umri wa miaka sabini na moja. Nimefiwa na mke, nina mtoto mmoja tu, naye ni binti. Naishi Mtopanga, Kisauni, katika nyumba ya vyumba viwili niliyoisimamisha mwenyewe. Nilisoma hadi kidato cha nne, enzi zile kidato cha nne kilikuwa kidato cha nne! Nayataja haya ili mjue kwamba sikukosa kwa ujinga. Nilikosa huku najua.

Miaka mingi nimesoma mikasa ya wenzangu katika kurasa hizi, nikitikisa kichwa na kusema, "Huyu naye alijitakia." Leo ni zamu yangu. Tikiseni vichwa, sitakasirika. Huruma yenu siitaki. Nataka mnisikize tu.

Upande huu wetu watu wananijua kwa jina la Mzee Msemaji. Nilipoachishwa kazi ya ukarani katika ghala moja kule Changamwe, nilifungua banda la video. Mabati pande zote, makuti juu, mabenchi ya mbao, televisheni moja kubwa, na baadaye projekta na shuka jeupe ukutani. Filamu zilikuwa za Kichina, za Kihindi, za Kimarekani... na wateja wangu walikuwa mahamali wa soko la Kongowea, mafundi, kina mama wauza mboga, na vijana wanaochimba mawe Mwakirunge. Wangeelewa nini?

Basi nikashika maikrofoni, nikawasemea. Sikuwa natafsiri, maana Kichina mimi nakijulia wapi? Nilikuwa natunga! Jambazi nilimpa jina la dalali wa vitunguu ambaye soko zima linamjua. Bwana harusi wa Kihindi nilimfanya Mrabai aliyekimbia mahari. Watu walianguka kutoka mabenchini kwa kicheko. Hawakuja kuona filamu, walikuja kunisikia mimi. Mtu aliyeshinda juani akikosa kibarua aliingia kwangu kichwa chini, akatoka kichwa juu. Kwa hilo siombi radhi kwa mtu yeyote, na atakayesema ilikuwa kazi ya kipuuzi na aje tukabiliane!

Lakini nyumbani?

Nyumbani sikuwa Mzee Msemaji. Nilifika, nikaketi. Mke wangu, Kadzo, alileta chakula kikiwa kimefunikwa kawa, akaketi pembeni kwenye kigoda. Nilikula. Nikitaka maji, niligonga bilauri kwa kidole mara mbili... ngo, ngo... naye akainuka kunimiminia. Wageni walioingia kwangu waliijua tabia hiyo, na wengine walinitania nayo. Kadzo alikuwa akiponda kokoto Mwakirunge. Alikuwa akirudi na vumbi hadi kwenye kope, na mimi sikumuuliza hata siku moja, "Leo kulikuwaje?"

Sikumpiga mke wangu. Sikumtukana. Sikutoka nje ya ndoa. Nikadhani basi, mimi ni mume mwema. Mwema kwa lipi? Kwa kutopiga?

Kifua kikamwanza, kikamshinda. Siku ya mazishi nilisimama kanisani nikasema kwamba marehemu alikuwa mwanamke mtulivu. Watu wakaitikia amina. Binti yetu, Mbeyu, hakuitikia. Aliniangalia tu.

Mbeyu alikuwa akisomea utengenezaji wa filamu katika chuo kimoja. Baada ya matanga alirudi kukaa nami, akaja na filamu za namna ambayo sijawahi kuiona. Hazina risasi, hazina ngumi, hazina nyimbo. Zimetengenezwa na watu wasio na kampuni kubwa nyuma yao, wengine kwa kamera ya kuazima, na jamaa zao ndio waigizaji. Akaniomba nimwachie banda kila Jumapili alasiri, watu wakishatoka ibadani, waone na kuzijadili. Sharti lake lilikuwa moja. Maikrofoni isiguswe.

Nilimkubalia nikijua atashindwa. Nani Mtopanga atakaa atazame vitu vile?

Filamu ya kwanza ilikuwa ya mwanamke mzee katika nchi ya baridi, anachemsha chai. Basi! Anachemsha chai, anatazama dirisha. Katana, hamali wa mkokoteni mwenye ulimi mkali kuliko wembe, alivumilia dakika chache tu.

"Mzee Msemaji, hebu muharakishe huyo mama! Chai gani hiyo? Tangu tuingie haijachemka!"

Banda likacheka, nami moyoni nikafurahi. Nikangoja Mbeyu aaibike. Lakini aliyejibu alikuwa Bi. Saumu, jirani yetu anayepika mahamri, aliyekuwa rafiki wa chanda na pete wa marehemu mke wangu.

"Katana, macho umeyaacha sokoni? Ametoa vikombe viwili. Na mle ndani mna mtu mmoja. Yuwangoja mtu huyo."

"Anamngoja nani?"

"Hilo ndilo tulokaa kulitazama. Nyamaza!"

Na banda likanyamaza, jamani! Filamu ilipokwisha, walibishana hadi jua likapinda. Bi. Saumu alishikilia kwamba mume amemkimbia yule mama. Katana akasema la, kikombe ni cha mtoto aliyekufa. Bi. Saumu akamwambia maiti hawekewi chai. Katana akaruka juu: "Kwenu hawekewi! Kwetu sisi koma, wazee waliokufa, humwagiwa uchi wa mnazi, seuze chai!" Watu wakapiga makofi. Hamali wa Kongowea akiwafumbua watu macho juu ya filamu ya nchi ya theluji... Nimesoma magazeti maisha yangu yote, sijawahi kukuta uhakiki mtamu kama ule.

Wiki baada ya wiki wakaja wengi zaidi. Na mimi? Mimi nilikaa nyuma, karibu na mashine, mikono mitupu. Hakuna aliyegeuka kunitazama. Wiki nzima mimi ndiye mfalme, lakini Jumapili... Niwaambie ukweli? Nilimwonea wivu mwanangu wa kumzaa!

Mwaka jana Mbeyu akaniarifu kwamba ametengeneza filamu yake mwenyewe. Aliipiga Mwakirunge, katika chumba cha kupanga, na mwigizaji ni mama mmoja wa kwaya yetu. Nikamuuliza inahusu nini. Akasema, "Utaiona na wenzako, Baba." Nikamwambia anionyeshe kwanza nyumbani. Akakataa. Alisema nyumbani nitainuka niende zangu, lakini mbele za watu nitatulia. Kisha akasema neno ambalo ningelishika, nisingekuwa naandika haya leo.

"Nataka nisikie utasema nini ikiisha."

Na kulikuwa na jambo lingine. Wageni watatu wanaochagua filamu za kuonyeshwa katika tamasha fulani walikubali kuja bandani siku hiyo. Mmoja wao alikuwa mhakiki, kijana mwenye miwani. Mbeyu alitaka waione filamu, kisha wawasikie watu wetu wakiijadili. "Wanadhani watu wa huku hawawezi kutazama filamu ya kimya," akaniambia. "Na waje waone."

Jumapili ile banda lilijaa hadi mlangoni. Mbeyu akasimama mbele, akawaamkia wazee, wakamwitikia marahaba kwa sauti moja. Halafu akanigeukia mimi.

"Baba, leo nakuomba mbele za watu. Maikrofoni."

Niliizima, nikaitia kisandukuni, nikasema, "Naapa kwa Mungu, ulimi wangu leo uko likizo!" Watu wakacheka. Mbeyu hakucheka. Alinibana mkono kidogo, akaenda kuketi benchi la mbele.

Filamu ikaanza. Chumba. Mwanamke anapika. Anafunika chakula kawa. Anaketi kwenye kigoda. Mlango unafunguka, mwanamume anaingia, anaketi, anakula. Hakuna neno.

Kisha mwanamume yule akagonga bilauri kwa kidole. Ngo, ngo.

Kidole kile nilikijua!

Katana akageuka kunitazama. Alikuwa amekula kwangu mara nyingi. Kwenye shuka lile jeupe mwanamke akainuka, akamimina maji, akangoja. Mwanamume hakuinua uso. Mwanamke akafungua kinywa kama mtu mwenye jambo la kusema... akakifunga. Na kamera ikabaki pale pale, usoni pake. Haikuondoka! Nilitamani iondoke. Haikuondoka!

Kwa muda mrefu nimewaambia watu kwamba nilishika maikrofoni kwa sababu watazamaji walichoka. Kwamba nilimhurumia binti yangu asije akaaibika mbele ya wageni. Uongo! Hakuna aliyechoka. Palikuwa kimya, ungesikia inzi akitua. Nilishika maikrofoni kwa sababu niliogopa. Niliona kimya kile kikiendelea kidogo tu, kila mtu mle ndani atajua yule mume ni nani.

"Mzee kagonga!" nikanguruma. "Mama Bubu, lete maji upesi, akigonga mara ya tatu hiyo ni kesi ya chifu!"

Banda likapasuka kwa kicheko.

Mbeyu akageuka. Hakupiga kelele. Alitikisa kichwa mara moja tu, polepole, kama mtu anayeomba. Nilimwona. Niliona, nikaendelea!

Nikampa yule mwanamke sauti ya kukwaruza. Nikampa mume sauti ya mfalme. Kila alipofunua kinywa nikamtilia upuuzi ndani yake: habari za kunguni, habari za papa aliyechacha. Mama Bubu hivi, Mama Bubu vile. Watu walishika mbavu. Nilikuwa sijawahi kusema vizuri namna ile, na huo ndio msiba wenyewe... nilikuwa hodari.

Karibu na mwisho, mwanamke yule anaonekana nje, ameketi chini nyuma ya ukuta wa mabati, ungo wa mchele mapajani. Ameegemeza kichwa kwenye bati, amefumba macho. Kutoka ndani inasikika sauti ya mwanamume kwa mbali, haieleweki inasema nini, na watu wanacheka. Mwanamke anatabasamu. Ndilo tabasamu lake pekee katika filamu nzima.

Sikuielewa picha ile. Nikasema, "Mama Bubu kumbe mdaku! Anadukua umbea wa jirani!"

Mbeyu akainuka, akatoka kwa mlango wa pembeni. Filamu yake ilimalizika mwenyewe hayupo.

Watu walinipigia makofi wamesimama. Siku hiyo hapakuwa na mjadala, kwani watu wakishacheka hivyo wanajadili nini tena? Wageni walinijia kunishika mkono, na yule wa miwani akafuta machozi ya kicheko. Bi. Saumu peke yake alijitanda leso yake, akapita mbele yangu bila kunipa hata salamu.

Nyumbani nilimkuta Mbeyu anapanga nguo zake begini. Nikaanza kumweleza kuhusu wageni, jinsi walivyofurahi. Akaniacha nimalize. Kisha akasema haniulizi kwa nini nimevunja kiapo. Ana swali moja tu.

"Ulimtambua?"

"Nani?" nikamjibu. "Filamu ni filamu."

Akaitikia kwa kichwa, akafunga zipu ya begi. Hivyo ndivyo nilivyomkana mke wangu mbele ya mtoto wake. Mbeyu akahamia Likoni. Nilipompigia simu, haikushikwa.

Mnadhani nilijuta papo hapo? Thubutu! Kwa wiki sita nilikuwa nyota. Mtu alikuwa ameturekodi kwa simu, na kipande kile cha video kikaenea pwani nzima. Nikaitwa kwenye harusi Bombolulu nikayarudia yale yale, na watu wakataka tena. Kijana wa miwani akaandika kwamba filamu yenyewe ilikuwa tupu, na kwamba aliyeijaza ni mzee wa maikrofoni, msanii wa kweli wa watu wa kawaida. Nikatafuta mtu wa kunichapishia ukurasa ule, nikaugandisha kwenye mlango wa banda!

Baadaye nikapata habari kwamba wenye tamasha walimwambia Mbeyu kuwa wako tayari kuichukua filamu yake. Kwa sharti moja. Sauti ya baba yake iwemo. Akawaambia bora isionekane kamwe. Niliposikia hivyo nilimwita mpumbavu. Mwanangu mwenyewe... mpumbavu!

Halafu mambo yakanigeukia.

Alasiri moja Bi. Saumu akaja nyumbani. Alikuwa hajakanyaga kwangu tangu siku ile. Nikamkaribisha, akakataa kuketi.

"Shemeji," akasema, "mkwe wangu jana alimgongea binti yangu bilauri. Ngo, ngo. Kisha akamwita Mama Bubu. Mbele ya watoto."

Nikasema vijana wana utani.

"Utani? Zunguka nyumba za mtaa huu uone. Wanaume wazima wagonga bilauri! Wamefunzwa na nani? Na wewe wamjua Mama Bubu ni nani. Usinambie humjui."

Sikuwa na maikrofoni mkononi, na bila maikrofoni mimi sikuwa na la kusema.

"Na ile ya mwisho, ya mabati," akaendelea. "Umesema mdaku. Wallahi ningalikuwa na sufuria ya mafuta siku ile... Shemeji, Kadzo alikuwa akija pale. Akitoka kokotoni, saa kumi, yuwaketi nyuma ya banda lako na ungo wake. Miaka! Nami siku moja nikamwambia, mwanamke, ingia ndani, banda ni la mumeo. Akanambia, 'Saumu, nikiingia ataniona, atanyamaza. Hapa nje naisikia sauti yake yote.'"

Nikamuuliza kwa nini Kadzo alinificha jambo lile.

"Hakukuficha," Bi. Saumu akasema. "Hukumuuliza."

Akaondoka.

Jamani, nimezika wazazi, nimezika ndugu, nimemzika mke. Sijawahi kulia kama siku ile. Mke wangu alikuwa akivizia nje ya banda langu, kama mtu asiye na ruhusa, ili asikie sauti ya mumewe! Na tabasamu lake pale kwenye bati, binti yangu alikuwa amelihifadhi ili nilione... nami nikaliita umbea. Kuna adhabu gani iliyobaki hapo?

Lakini kulia hakukutosha, na mimi si mtu wa kulia nikaishia hapo. Asubuhi yake niliubandua ukurasa ule mlangoni. Nikamwandikia yule mhakiki barua kwa mkono wangu. Nikamwambia kwamba amekosea, na mimi ndiye niliyemkosesha. Filamu ile haikuwa tupu. Ilikuwa imejaa mimi. Nikamwambia pia asiwasifu watu wa kawaida kwa kucheka tu, kwani watu hao hao wa Mtopanga walikuwa tayari kutazama na kufikiri, nami ndiye niliyewanyang'anya. Hajanijibu hadi leo. Shauri yake!

Waliokuja kuniita kwenye sherehe niliwafukuza. Katana akaja kunibembeleza: "Mzee, yalikuwa mabonzo, mzaha tu. Kwani nani ameumia?" Nikamwambia, "Wewe uligeuka ukanitazama bilauri ilipogongwa. Ulijua." Akainama. Akasema, "Nilijua, Mzee. Lakini uliposema, nikafurahi kucheka." Hilo nalo lilinichoma. Kumbe nilikuwa nimewapa watu wote njia ya kukimbia, si mimi peke yangu!

Miezi ikapita. Mbeyu hakushika simu. Bi. Saumu, ambaye moyo wake ni mkubwa kuliko ulimi wake, ndiye aliyenitonya kwamba filamu ile itaonyeshwa Likoni, katika ukumbi mdogo wa jumuiya, siku ya Jumamosi, saa tisa mchana. Nikavaa kanzu... la, nikaivua, nikavaa shati la kawaida. Sikutaka kwenda kama mzee wa heshima.

Nilikaa kiti cha mbele kabisa. Mbeyu aliniona, akaendelea kufunga nyaya za mashine yake kama mtu asiyenijua.

Kwa mara ya kwanza nikaiona filamu ya mwanangu. Yote. Bilauri ikagongwa, nikaiacha igongwe. Kinywa cha yule mwanamke kikafunguka, kikafungika, na kamera ikabaki, nami nikabaki. Nilikaza meno hadi taya ikauma. Pale penye mabati sikuinama. Nilimtazama hadi alipotoweka.

Taa zikawashwa. Mjadala ukaanza. Mtu mmoja akasema hadithi haina mwanzo. Mwingine akajibu kwamba mwanzo wake ni siku ya harusi, hatukuonyeshwa kwa sababu sote tulihudhuria, tukala pilau. Wakacheka, lakini kwa uchungu. Ndipo msichana mmoja aliyevaa sare ya kiwandani akasimama.

"Mimi nauliza huyo mume. Ana nini? Mbona hasemi? Ni mgonjwa, ana hasira, ama ni shetani tu?"

Mbeyu akasema hilo yeye hawezi kulijibu.

Nikasimama.

"Mzee, una swali?" Mbeyu akaniuliza. Mzee! Si Baba.

"Sina swali," nikasema. "Nina jibu. Mume huyo ni mimi."

Mtu nyuma akaguna, "Ala!" Msichana wa kiwandani hakurudi nyuma hata hatua. Akaniuliza tena, kwa adabu lakini bila huruma: "Basi tuambie, babu. Kwa nini ulikuwa huongei naye?"

Maisha yangu yote nimekuwa na jibu kwa kila jambazi na kila bwana harusi. Pale nilisimama kama nguzo. Mwishowe nikasema yale niliyoyapata: kwamba nilikuwa nikitumia maneno yangu yote kwa wageni, nikirudi nyumbani mtupu, na nikaona ni haki yangu. Kwamba niliona akiwa kimya nikadhani ameridhika. Kwamba sikuwa mgonjwa wala shetani. Nilikuwa mvivu wa moyo. Nikasema jina lake, Kadzo, na kwamba hakuwa bubu, na atakayemwita bubu tena anitafute mimi.

Hakuna aliyepiga makofi. Afadhali!

"Ahsante, Mzee," Mbeyu akasema. "Mwingine?"

Baadaye, watu walipotoka, nilimngoja mlangoni. Nikamwambia nilimtambua mama yake siku ile ile, bilauri ilipogongwa, na kwamba nilimdanganya. Nikamwomba msamaha. Hakunikumbatia. Hakusema amesamehe. Alisema tu, "Ndicho nilichotaka kusikia siku ile, Baba. Siku ile." Akabeba mashine yake akaenda.

Sitawadanganya kwamba tumepatana. Haji nyumbani. Lakini wiki tatu baadaye ujumbe uliingia kwenye simu yangu, hauna salamu: mahali, siku, saa. Changamwe. Nikaenda. Ukaja mwingine, nikaenda. Sasa kila filamu ile inapoonyeshwa mimi nipo, na kila anapotokea mtu wa kuuliza kuhusu mume, nasimama. Mzee mmoja wa kanisa amenionya kwamba najivunjia heshima, kwamba mambo ya nyumba ni ya kufunika. Nikamwambia heshima hiyo niliilinda kwa kumfanya mke wangu kichekesho, na kama hiyo ndiyo heshima, na ivunjike vipande vipande! Sitafunika tena.

Banda langu bado lipo. Sinema za ngumi bado nazisemea, na watu bado wanaanguka mabenchini. Jumapili ni za Bi. Saumu na Katana na filamu zao za kimya. Filamu ya Mbeyu haijarudi hapo. Atakapotaka, mlango uko wazi. Asipotaka, ni haki yake.

Wasomaji wenzangu, wanaume hasa. Wewe mwalimu, mhubiri, dalali, mchekeshaji, wewe ambaye nje watu wanakusifu kwa maneno matamu: unamwachia nini yule aliyekupikia? Ukifika nyumbani leo, sema. Sema hata juu ya mvua, hata juu ya bei ya nazi, alimradi yeye naye apate pa kuanzia. Usingoje mtoto wako atengeneze filamu ndipo ujue mama yake alitaka kukwambia nini. Na siku utakayoonyeshwa kosa lako mbele za watu, usilifanyie mzaha. Kaa hapo hapo kitini. Litakuchoma, na likuchome!

Mimi Jumamosi hii nina safari ya Likoni tena. Najua watauliza yule mume ni mtu wa namna gani.

Na waulize!